Umbo na Kiumbe

Lugha itumiwayo na watu wengi kwa kazi nyingi hufika mahali ambapo neno moja hubeba mizigo miwili, mitatu au zaidi. Mchukuzi huyo hatui mzigo mmoja ili autwae mwingine. Huibeba yote pamoja, na mwenye sikio jepesi hucheka asikiapo mizigo ikigongana njiani. Neno pembe ni mchukuzi wa namna hiyo. Pembe ni silaha iliyo kichwani mwa fahali. Pembe ni kona ya chumba. Pembe ni nafasi iliyo baina ya mistari miwili ikutanayo. Pembe ni jino kubwa la ndovu. Pembe ni baragumu lipulizwalo katika sherehe. Na wageni wakija kwa wingi husemwa kuwa wametoka pembe zote za dunia, ingawa dunia ni tufe, na tufe halina pembe hata moja.

Basi mwanafunzi mchangamfu akiambiwa kwamba pembetatu ina pembe tatu, yamkini atauliza kama hula majani au nyama. Atataka kujua kama pembe kali ni ya mnyama mkali, na kama pembe butu ni ya mnyama mzee aliyechoka kupigana. Akisikia habari za pembetatu pacha, atamwulizia mama yao. Akifundishwa kwamba pembe za pembetatu zina jumla ya nyuzi 180, ataona kuwa mwindaji alikuwa mtu wa hadhari, kwa kuwa mnyama mwenye pembe tatu hafungwi kwa nyuzi chache. Mche ataupeleka shambani akaupande, na pia ataichukua uwanjani akaichezee. Mwalimu wa hisabati aweza kukasirika, lakini mwalimu wa lugha hana budi kutabasamu, kwa sababu kila neno alilolitumia mwanafunzi huyu ni neno la haki, na kosa lake ni moja tu: amewapa uhai waliokuwa hawana.

Mzaha huu ni mwema, wala sina nia ya kuuharibu kwa kuutia uzito usiostahili. Walakini wazee walinena kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mtu aliyelichukua umbo akalifanya mnyama hakumdhuru mtu. Je, yule aliyefanya kinyume chake, akamchukua mnyama, au akamchukua mwanadamu, akamfanya umbo? Hilo ndilo swali la insha hii. Kwa haki gani twakiweka kiumbe hai katika fungu kwa kutazama sura yake, na kiumbe huyo hupoteza nini siku aingiapo katika fungu hilo?

Maneno umbo na kiumbe ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yalizaliwa na kitendo kuumba. Umbo ni sura iliyoumbwa. Kiumbe ni mwenyewe aliyeumbwa. Sauti zao zakaribiana hata mtu asemaye kwa haraka aweza kudhani kuwa tofauti yao ni ndogo. Lakini tofauti yao ni kubwa kama ile iliyoko baina ya kivuli na mwenye kivuli, na yafaa tuipime kwa utaratibu.

Pembetatu ni nini? Ni umbo bapa lililozungukwa na mistari mitatu iliyonyoka. Hapo maelezo yamekwisha, na pembetatu nayo imekwisha. Hapana siri iliyobaki ndani yake ambayo haikutoka katika maneno hayo machache. Sifa zake zote, hata zile zilizowashughulisha wataalamu wa hisabati kwa karne nyingi, zilikuwa zimekunjwa katika maelezo hayo kama jani lililokunjwa katika chipukizi. Ukiiondolea pembetatu mstari mmoja hukuijeruhi, umeifuta. Hapana pembetatu kilema wala pembetatu mgonjwa. Iko kamili au haiko.

Sasa mtazame mbuzi. Tukisema kwamba mbuzi ni mnyama wa miguu minne, mwenye kwato na pembe mbili, mwenye kucheua, tumesema kweli. Lakini mbuzi aliyevunjika mguu hakuacha kuwa mbuzi, na mbuzi aliyezaliwa bila pembe hakuwa kitu kingine. Mbuzi alikuwako kabla ya maelezo yetu, na kila tukimaliza kumweleza hubaki na jambo ambalo hatukulisema. Umbo huzaliwa na maelezo yake, na kiumbe huyatangulia maelezo yake. Umbo lisilolingana na maelezo ni kosa la umbo. Kiumbe asiyelingana na maelezo ni kosa la maelezo.

Hunenwa katika habari za wanafalsafa wa Uyunani kwamba Plato alimweleza mtu kuwa ni mnyama wa miguu miwili asiye na manyoya, na watu wakamsifu. Diogenes akamnyonyoa jogoo, akampeleka katika madarasa ya Plato, akatangaza kuwa huyo ndiye mtu aliyesifiwa. Baada ya hapo ilibidi maelezo yaongezwe kwamba mtu huyo awe na kucha pana. Yamkini hadithi hii iliongezwa chumvi katika safari yake ndefu, lakini somo lake ni safi. Plato alijaribu kumweleza mwanadamu kama aelezavyo umbo, kwa kuhesabu pande zake. Jogoo akapita katika mlango uliojengwa kwa ajili ya mtu, na mtu akabaki nje.

Wenye elimu ya viumbe walilijua somo hili kwa taabu. Mwaka 1817 Georges Cuvier wa Ufaransa, mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu ya wanyama katika zama zake, alieneza kitabu chake kilicholigawa jamii lote la wanyama katika mafungu makuu manne. Fungu moja lilikuwa la wanyama wenye uti wa mgongo, la pili la wenye miili laini kama konokono na pweza, la tatu la wenye miili ya pingili kama wadudu, na la nne la wale ambao viungo vyao hutoka katikati kama miale ya jua au mataruma ya gurudumu. Fungu hili la nne lilikuwa fungu la umbo kweli kweli. Aliyekuwa na sura ya duara au ya nyota aliwekwa humo, na miongoni mwao akawekwa kiti cha pweza, mnyama wa baharini mwenye mikono mitano ambaye watu wa pwani wamjua sana.

Jina la mnyama huyu ni mzaha mwingine wa lugha yetu. Aliyemwona amelala juu ya mchanga, ametulia, bapa, na mikono yake imenyoshwa pande zote, alimdhania kuwa samani, akampa pweza aketi. Kwa mujibu wa jina hili pweza ndiye bwana na mwenzake ndiye kiti. Mtu akilifuata jina atasema kiti hicho kimelala. Akiufuata uhai atasema amelala.

Walakini wataalamu walipomchunguza kiti cha pweza tangu utoto wake, waliona jambo ambalo sura ya ukubwani ilikuwa imelificha. Mtoto wake, aogeleaye majini akiwa mdogo kiasi cha kutafutwa kwa hadubini, hana umbo la nyota. Ana upande wa kulia na upande wa kushoto, kama tulivyo sisi. Umbo la nyota humjia baadaye. Na namna yai lake lianzavyo kujigawa na kufanya mdomo na matumbo hufanana na namna ya wanyama wenye uti wa mgongo, wala haifanani na ya pweza. Uchunguzi wa chembe za urithi katika zama zetu umelithibitisha jambo hilo. Basi fungu la nyota na gurudumu lilivunjwa, na kiti cha pweza akahamishiwa karibu na ukoo wetu. Hesabu ya undugu yasema kwamba mnyama aliyeitwa kiti ni jamaa wa mwanadamu wa karibu zaidi kuliko pweza aliyedhaniwa kuwa bwana wake.

Nyangumi naye ana habari ya namna hiyo. Kwa umbo ni samaki: ana mkia, ana mapezi, na makao yake ni bahari. Lakini huvuta pumzi kwa mapafu, huzaa na kunyonyesha, na damu yake ni ya moto. Carl Linnaeus wa Uswidi, katika chapa ya kumi ya kitabu chake iliyotoka mwaka 1758, alimtoa nyangumi katika samaki akamweka pamoja na wanyama wanyonyeshao. Leo yajulikana kwamba miongoni mwa wanyama wote walio hai, wa karibu kwa nyangumi ni kiboko, na kwamba ng'ombe ni jamaa yake kuliko papa. Umbo lilikuwa limesema neno moja, na maziwa yalisema jingine. Maziwa ndiyo yaliyokuwa na haki.

Mpaka hapa hasara ilikuwa ya elimu peke yake. Nyangumi hakuhuzunika alipoitwa samaki, wala kiti cha pweza hakuona haya kwa jina la samani. Sasa yatupasa kumtazama kiumbe aonaye haya na kuhuzunika.

Katika karne ya 18 alikuwako Uholanzi mtaalamu wa viungo vya mwili aitwaye Petrus Camper. Alikuwa pia mchoraji, na alichukizwa na wasanii waliochora vichwa vya watu wa mataifa mbalimbali bila kushika vipimo vya kweli. Ili kuwasaidia alibuni kipimo cha pembe ya uso. Mstari mmoja aliupitisha kutoka tundu la sikio mpaka chini ya pua. Mstari wa pili aliutelemsha kutoka kipaji cha uso mpaka meno ya juu. Kisha akaipima pembe iliyofanyika hapo mistari ilipokutana. Aliweka mafuvu katika safu. Kima alipata nyuzi 42, orangutani 58, Mwafrika 70, Mzungu 80, na sanamu ya kale ya Kiyunani ikapata nyuzi 100. Camper alifariki mwaka 1789, na kazi hiyo ilipigwa chapa mwaka 1791.

Yapasa kumtendea haki marehemu huyu. Yeye mwenyewe alishika kwamba watu wote ni wa asili moja, na alilitetea jambo hilo wazi katika zama ambazo si wengi waliolitetea. Lakini safu ya mafuvu aliyoiacha ilisema kwa sauti kubwa kuliko mwenyewe. Wengine waliokuja nyuma yake waliichukua wakaifanya ngazi. Hawakuisoma tena kama msaada wa wachoraji. Waliisoma kama cheo cha akili na thamani ya mtu, na katika karne ya 19 vipimo vya fuvu na pua vilitumiwa kuhalalisha utumwa na kutawala watu wengine. Pembe iliyobuniwa ili mchoraji asikosee ikawa pembe ya kuchoma, kali kuliko ya fahali yeyote.

Nawaomba wasomaji waitazame safu ile mara moja tena, kwa kuwa ndani yake kosa lajifichua lenyewe. Ni nani aliyewekwa kileleni? Si mtu. Ni jiwe lililochongwa. Aliyewazidi watu wote walio hai alikuwa ni sanamu isiyopumua, isiyokumbuka, isiyoweza kumhurumia mtu wala kujuta. Kipimo kilichoanza kwa kumtazama kiumbe kama umbo kiliishia, kwa utaratibu usioepukika, kwa kulitukuza umbo kuliko kiumbe. Mwenye kutafuta ukamilifu wa pembe ataupata katika jiwe, kwa maana jiwe halikui, haliugui wala halizai mtoto asiyefanana nalo.

Mwingereza Edwin Abbott, mwalimu mkuu wa skuli moja ya London, alilifahamu jambo hili, akalisema kwa mzaha. Mwaka 1884 alitoa kitabu chake kiitwacho Flatland, habari za nchi bapa ambayo wenyeji wake ni maumbo ya jiometri. Humo askari na vibarua ni pembetatu nyembamba. Watu wa kati ni pembetatu zenye pande sawa. Wenye elimu ni miraba na pembetano. Mabwana wana pande nyingi zaidi. Na makuhani, walio juu ya wote, wana pande nyingi hata huitwa duara. Wanawake ni mistari mitupu. Aliyezaliwa na pande zisizolingana hudhaniwa kuwa mwovu tangu utotoni, na kama hawezi kunyoshwa huangamizwa. Msimulizi ni mraba, na mwisho wake ni gereza, kwa sababu alithubutu kusema kwamba ipo nchi nyingine ambayo ndani yake maumbo yana kimo.

Mtu aweza kukisoma kitabu hicho akacheka, kisha akakifunga akidhani kwamba mambo hayo ni ya ndoto. Lakini Afrika ya Kusini ilitunga mwaka 1950 sheria ya kuandikisha kila mkazi kwa fungu la rangi yake, na sheria hiyo ilidumu mpaka mwaka 1991. Katika kuamua mashaka, penseli ilipenyezwa katika nywele za mtu ili ionekane kama itashika au itaanguka, na watu wa nyumba moja waliweza kupewa mafungu mbalimbali. Nchini Rwanda, utawala wa Kibelgiji ulianza katika miaka ya 1930 kutoa vitambulisho vilivyoandikwa mwenye nacho kama ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na wapimaji wa zama za ukoloni walikuwa wamepima vimo na pua za watu. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilidaiwa njiani kwenye vizuizi, na neno moja lililoandikwa juu ya karatasi liliamua nani apite na nani auawe. Wenyeji wa nchi bapa hawakuwa wa ndoto.

Huenda msomaji mwenye busara akainua hoja hapa, na hoja yake ni nzito. Atasema kwamba bila ya mafungu hapana elimu. Mtu aumwapo na nyoka, mganga hana budi kujua ni nyoka wa fungu gani, maana sumu ya kifutu huharibu nyama ya mwili, na sumu ya koboko hushika mishipa ya fahamu na kuzuia pumzi. Mwenye kukataa mafungu atawaacha wagonjwa wafe kwa jina la heshima ya viumbe. Na lugha yenyewe, atasema, haiwezi kutamka sentensi moja bila kuligawa jamii la vitu katika mafungu. Mwenye kutumia neno nyoka amekwisha kuwakusanya maelfu ya viumbe ambao kila mmoja ni wa peke yake.

Hoja hii ni ya kweli, na jibu lake halipatikani kwa kuyatupa mafungu bali kwa kuyawekea masharti. Naona masharti matatu.

Sharti la kwanza ni kwamba fungu likubali kusahihishwa na kiumbe. Fungu la Cuvier lilikuwa na kosa, lakini lilikuwa kosa la heshima, kwa sababu kiti cha pweza aliporuhusiwa kutoa ushahidi, fungu lilivunjwa na mnyama akahamishwa. Kitambulisho cha mwaka 1994 hakikukubali ushahidi wowote. Mwenye nacho hakuwa na neno ambalo lingesikilizwa juu ya neno lililoandikwa.

Sharti la pili ni kwamba fungu lisigeuzwe cheo. Kusema kwamba kifutu si koboko ni kusema tofauti. Si kusema kwamba mmoja wao ni bora. Tofauti hulala chini kama mkeka, na kila mmoja hupata mahali pa kuketi. Cheo husimama kama ngazi, na wa juu hukanyaga vidole vya wa chini. Camper alitandika mkeka. Wafuasi wake wakausimamisha, wakaupanda.

Sharti la tatu ni kwamba fungu litumiwe katika uwanja wake tu. Hata maumbo yenyewe hutufundisha jambo hili. Tumesema kwamba pembe za pembetatu zina nyuzi 180, na hiyo ni kweli isiyo na shaka juu ya ubao. Lakini mtu atoke Ncha ya Kaskazini, ateremke moja kwa moja mpaka ikweta upande wa Kenya, aifuate ikweta robo ya mzingo wa dunia, kisha arejee moja kwa moja mpaka alikoanzia. Amechora pembetatu, na kila pembe yake ni ya nyuzi 90, jumla nyuzi 270. Sheria ya ubao haikuwa uongo. Imetolewa nje ya ubao. Basi ikiwa umbo, lisilo na siri, hubadili hesabu yake kwa kubadilishiwa uwanja, seuze kiumbe? Kipimo kifaacho kwa mchoraji wa vichwa hakipasi kufuatwa na mtunga sheria, na kinachofaa kwa daktari wa damu hakimfai hakimu wa utu.

Nimesema kwamba lugha yenyewe hugawa. Kiswahili hugawa kwa ngeli, na si ajabu kwamba neno hilo hilo la ngeli limechukuliwa na wenye elimu ya viumbe kwa kuwapanga wanyama. Tazama jinsi sarufi yetu ifanyavyo. Kiti kimeanguka, kikombe kimeanguka, kisu kimeanguka. Lakini kiboko ameanguka, na kifaru ameanguka, na kipepeo ameanguka. Kwa umbo la neno, kiboko ni ndugu wa kikombe. Kwa uhai ni ndugu wa mtu, na sarufi huufuata uhai. Hali kadhalika jongoo, aliye na umbo la neno kama jongwe au jembe, hupewa upatanisho wa mtu. Mbu tumwuaye bila huruma amekufa; hatusemi kwamba imekufa. Kipofu na kiziwi, ambao majina yao yana kiambishi cha vitu, hutembea katika sentensi wima kama watu, kwa maana ndivyo walivyo.

Nani aliyeitunga sheria hii? Si mtawala wala mwanachuoni. Ilitungwa na vinywa vya watu wengi wasio na majina, kizazi baada ya kizazi, na ndani yake mna hukumu ambayo wapimaji wa mafuvu hawakuifikia: kwamba umbo likibishana na uhai, uhai una haki ya kutangulia. Hata samaki akiisha kukaangwa hubaki samaki wa kukaanga, kana kwamba lugha haikuwa na moyo wa kumnyang'anya heshima yake pale mezani.

Lakini nisiisifu sarufi kupita kadiri. Kwanza, haikutenda haki kwa wote; mti huishi, hukua na kuzaa, walakini umeanguka, haukuanguka kama mtu. Pili, sarufi ile ile imeacha mlango wa dharau. Mtu amekuja ni habari; kijitu kimekuja ni tusi. Silabi moja yatosha kumwondoa mwenzako katika ngeli ya watu na kumtupa katika ngeli ya vikombe. Na tatu, twaweza kuikwepa sheria kwa kubadili jina tu. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu, zilizopimwa kwa frasila, kipimo cha karibu kilo 16. Ndovu wakiuawa bara, msemaji husema ndovu wamekufa. Mali ikifika pwani, husema pembe zimefika. Baina ya wamekufa na zimefika mna safari ya miezi mingi, na mahali fulani katika safari hiyo kiumbe amekwisha kuwa umbo, bila ya mtu yeyote kuvunja kanuni ya sarufi. Wala hata pembe si pembe, ni meno. Jina lilianza kwa kutazama sura.

Na katika misafara ile ile walikuwamo watu waliofungwa. Lugha iliwaita watumwa, ikawapa upatanisho wa watu: wamefika, wamechoka, wameuzwa. Sarufi haikupoteza adabu hata siku moja, na soko liliendelea mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Hapa twajifunza mpaka wa maneno. Lugha yaweza kukukumbusha kwamba aliye mbele yako ni kiumbe, lakini haiwezi kukushika mkono. Mtu aweza kusema wameuzwa kwa usahihi kamili, akaenda kulala.

Kwa hiyo, wanafunzi na wachezee maneno. Wampe pembetatu majani, wamfunge kwa nyuzi 180, wawatafutie pacha mama yao. Mchezo huo hauna dhambi, na una faida kubwa kuliko udhanivyo, kwa sababu amchezeaye mnyama wa pembe tatu hujua wazi kwamba anacheza. Hujua kwamba fungu alilolifanya ni lake, na kwamba kesho aweza kulivunja. Mwenye hatari ni yule asiyecheka, aliyeshika kipimo mkononi, aliyeyasahau mafungu yake kuwa ni kazi ya mikono yake mwenyewe. Mtu wa namna hiyo akimtazama mwenzake huona pande na pembe, akazihesabu, akaridhika. Yafaa aulizwe swali moja kabla ya kuandika hesabu yake: huyu uliyempima, je, umempa nafasi ya kukuambia kwamba umekosea? Kama amempa, na aandike kwa risasi ili aweze kufuta. Kama hakumpa, na aiweke kalamu chini.